Koki Namba Tisa

Shemeji, mwizi wa dada yangu,

Salamu zikukute hapo ulipo, kama bado upo. Natumaini mguu umeacha kuvimba, kikohozi kimekupa likizo, na lile jino lako la mbele bado linashika zamu peke yake. Dada yangu hajambo? Mwambie nimeota amenenepa, na katika ndoto wewe ulikuwa umekonda, kwa hiyo nadhani chakula kinaliwa na mtu mmoja. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nazidi kupendeza, jambo ambalo najua litakuudhi.

Habari kubwa ni kwamba kiwanda kimeniita. Kilekile cha mablanketi. Miaka kumi na mmoja baada ya kunistaafisha wamenitumia gari mpaka mlangoni, na sasa mimi ndiye mshauri wao mkuu wa kompyuta. Meneja hanunui programu ya kuchorea mpaka nitikise kichwa. Vijana wenye shahada wananyanyuka nikiingia.

Haya, futa mate. Gari lilikuwa pikipiki. Vijana hawakunyanyuka, walikuwa wamekalia viti vyote, nami nikageuziwa ndoo. Waliniita kwa sababu michoro yao ya zamani niliichora mimi na hakuna mwingine aliye hai anayeweza kusoma mwandiko wangu. Kompyuta sijawahi kuigusa. Waliponipa kile kipanya nilikiinua nikakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni, wakainama wote kwa pamoja kama watu wanaotafuta shilingi chini ya meza. Walikuwa wanacheka, lakini kwa adabu.

Meneja ni mama mfupi asiyerudia neno. Alieleza kwamba wakaguzi wanataka michoro yote, mipya na ya kale, iingie kwenye kompyuta. Kuna programu mbili za kuchaguliwa, na vijana wawili wa mkataba, kila mmoja na yake. Programu itakayoshinda, mwenyewe anapewa ofisi ya michoro na ajira ya kudumu. Itakayoshindwa, mwenyewe anarudisha kitambulisho langoni Ijumaa ya wiki inayofuata. Kijana mmoja nitamwita Mtanashati, maana kola yake imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Wa pili unamjua, ulimzaa wewe. Sijui binti yako amekuambia kiasi gani. Naamini amekuambia mambo ni mazuri, maana husema hivyo hata akiwa na homa.

Walipewa jaribio moja: kunakili karatasi zangu mbili, ya tatu na ya nne, kwa sababu ndizo chafu kuliko zote. Ya nne ni chumba cha rangi. Ya tatu ni chumba cha boila. Naona umeacha kucheka.

Kwanza akaonyesha Mtanashati. Shemeji, programu ile ni nzuri ya kuoa. Unachagua kijipicha cha tangi, kijipicha cha pampu, kijipicha cha koki chenye usukani mdogo mwekundu, unavidondosha popote, unapitisha mistari ya rangi unayotaka, na kila kisanduku kina kivuli chake kama kimesimama juani. Watu watatu wanaweza kuchora karatasi moja wakati mmoja, kila mmoja yuko kwake. Ukikosea, unabonyeza, kosa linafutika bila alama. Mimi nilikuwa nakwangua wino kwa wembe mpaka karatasi inatoboka. Tatizo lake ni moja. Mstari wake ni mstari tu. Alilisogeza tangi kidogo, mabomba yakabaki nyuma yakining'inia hewani, akayafuata mojamoja kuyarudisha kama mtu anayekusanya kuku. Na mstari huo haujali unakwenda wapi. Unaweza kuunganisha boila na choo cha meneja, programu ikakuambia kazi nzuri.

Akafuata mpwa wangu. Ya kwake ni ya bure, na sura yake inakwambia ni ya bure. Kijivu juu, kijivu chini, vitufe vimejazana kama abiria, na alikiri kwamba ilimchukua miezi miwili kuijua. Lakini ukilisogeza tangi, mabomba yote yanalifuata. Ukichora koki, inakuuliza nini kinaingia na nini kinatoka. Ukimaliza, inajihesabia yenyewe koki, pampu na mabomba, inakupa orodha. Na penye kitu ambacho hakijaunganika, inaweka rangi nyekundu na haiondoi kwa kubembelezwa. Nilifanya kazi ile miaka thelathini na mbili na elimu yangu ya darasa la sita. Nakuambia wazi, ya binti ilikuwa bora. Hata ile ndoo niliyokalia ilijua.

Sasa, aliziunganisha karatasi zangu mbili, jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya kwa sababu zilikuwa zinakaa makabati tofauti. Kioo kizima kikatulia kijivu, isipokuwa sehemu moja. Koki namba tisa. Mvuke unaingia, hautoki popote. Kwenye karatasi ya tatu ipo, kwenye ya nne bomba lake halipo.

Dada yangu najua anasoma begani kwako, na yeye mambo ya kiwandani hukuwa ukimsimulia, kwa hiyo nimweleze. Dada, miaka ishirini na miwili iliyopita bomba la mvuke lilipasuka, likamuunguza mama mfagiaji miguu yote miwili. Mumeo ndiye aliyekuwa kwenye boila. Mabomba yaliyoharibika yaling'olewa siku ileile yakapelekwa chuma chakavu, kwa hiyo tume ilipokaa haikuwa na cha kutazama ila mchoro wangu. Wakasema alitakiwa kufunga koki namba tisa. Yeye akasema hapakuwa na koki namba tisa. Wakamwekea karatasi mezani, muhuri na sahihi, imekaguliwa. Wakaniita, nikasema kilichochorwa ndicho kilichopo. Ndiyo siku aliyokuja nyumbani na sanduku la spana akakuambia kazi imepungua.

Tuendelee. Binti yako alisimama mbele ya kioo, rula mkononi, na sauti yake ikashuka kidogo. Alisema, "Mjomba, hapa kwenye nyekundu. Baba husema koki hii haikuwepo."

Meneja akanigeukia. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kunywa maji, nikanywa.

"Mama," nikamwambia, "kompyuta yako haijawahi kuingia chumba cha boila. Mimi nimeingia."

Walicheka sana. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Nikaongeza kwamba mashine isiyojua jasho haiwezi kunifundisha mabomba, wakacheka tena, na kicheko kilipokwisha kazi ya miezi miwili ilikuwa imekwisha nayo. Mtanashati akafungua ya kwake, koki namba tisa iko pale na usukani wake mwekundu, haina shida na mtu. Meneja alisema programu inayobishana na mchoraji mwenyewe itamletea matatizo na wakaguzi. Akampa Mtanashati mkono.

Binti yako hakulia, kama unataka kujua. Alikunja waya, akafuta ubao, akanibebea mkoba wangu mpaka getini. Njiani aliniomba radhi. Alisema hakukusudia kunivunjia heshima mbele ya watu. Kisha akaniuliza taratibu kama koki ile kweli niliiona. Nikamjibu, kama ninavyokuona wewe. Jua lilikuwa linazama, na unajua hali ya macho yangu jioni tangu mwaka juzi. Nilikuwa namwona kama mvuke.

Jana alinijia nyumbani na bahasha. Alisema ni kumbukumbu, kabla hawajaifuta kazi yake. Ndani mna karatasi zangu mbili alizozichapisha kwenye karatasi moja kubwa, safi, na koki namba tisa si nyekundu tena. Amechora bomba la kutokea. Amelipitisha ukutani mahali ambapo hapana kitu, akaliunganisha na chumba cha rangi, ili programu yake inyamaze na mjomba wake asionekane mwongo. Chini kuna ile orodha. Herufi zake ni ndogo kama chawa, mjukuu wa jirani alinisomea, nikamwambia arudie. "Koki 9: ipo. Chanzo: mchoraji aliiona kwa macho yake."

Shemeji, mimi sikuwahi kuingia chumba kile.

Kilikuwa cha moto kama tanuri, na mimi na mtunza stoo tulikuwa na mchezo wa drafti ambao haujaisha. Nilikuwa na mchoro wa kiwanda kingine chenye boila kama ya kwetu. Nikauweka chini ya karatasi yangu juu ya kioo cha dirisha, nikafuatisha kila mstari, namba kwa namba, nikapiga muhuri kwamba nimekagua, nikarudi kwenye drafti na nikashinda. Wenzetu kule walikuwa na koki tisa. Mafundi walituwekea sisi nane. Wewe ulisema nane. Ulisema nane mbele ya tume, ukasema nane getini, ukasema nane kwangu ukiwa umekaa kwenye kiti changu, na mimi nikakumiminia chai.

Mwezi uliofuata nilipandishwa cheo.

Na lile jina, Koki Tisa, ambalo hata watoto wa mtaani wanakuita ukipita na baiskeli, nililitunga mimi. Umekuwa ukimlaumu mtunza stoo bure, Mungu amrehemu. Niligundua kwamba watu wakicheka hawaulizi. Kicheko hicho kimenifaa miaka ishirini na miwili, na juzi kilinifaa tena.

Kuna moja zaidi, halafu nimemaliza. Mwaka wa tatu baada ya tume ulinijia ukasema huenda koki ilikuwepo. Huenda ulichoka, huenda ulikuwa unaipita kila siku bila kuiona. Ulikuwa umeanza kuiota. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nilikushauri uende kwa yule mama mfagiaji ukamwombe msamaha, roho itatulia. Nikakusindikiza. Nikakushikia baiskeli nje wakati uko ndani umepiga magoti mbele ya miguu ile, unaomba msamaha kwa koki niliyoizaa mimi. Ulipotoka nilikupiga bega nikakuambia umefanya jambo la kiume. Ukanishukuru.

Usidhani nimeshika dini. Ningeweza kwenda nayo kaburini bila kukosa usingizi, nimekwisha kujaribu na usingizi unakuja. Ila yule mtoto amechora kitu kisichokuwepo, na mimi nilidhani katika ukoo wote ni mimi peke yangu ningeweza. Tena mimi nilifanya kwa uvivu. Yeye amefanya kwa kuniheshimu.

Msalimie dada yangu. Akirusha kitu, kaa pembeni, mkono wake bado una shabaha. Wasalimie majirani wote wanaonidhani mtu mwema, na usiwaharakishe. Mimi ngoja niandike la mwisho maana wino unaniishia.

Nakudai safari moja. Siku ya harusi yako uliacha viatu nyumbani, nikatembea kuvifuata kwenda na kurudi, juani, nikakukuta umekwisha kuoa na viatu vya mpiga picha. Ulisema, mbele ya watu, kwamba una safari yangu. Sasa naidai. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa. Mna ule mchoro wa kiwanda kingine niliofuatishia, wenye muhuri wao, na ukurasa mmoja wa mkono wangu unaosema sikuingia, sikukagua, na kwamba nyekundu ya binti ilikuwa kweli. Nimetia sahihi na dole gumba, wachague. Ipeleke kwa meneja mwenyewe, usimwachie mlinzi. Iwe kabla ya Ijumaa.

Ningeipeleka mimi, magoti yangu hayana neno. Lakini meza ya binti yako iko karibu na mlango. Ataniona kwanza yeye, atainuka, ataniamkia shikamoo, na itanibidi niitikie.

Wako,
Shemeji yako mkubwa