Mguu Wangu Umefika Brazili

Mtani wangu Dakta Kibwana,

Shikamoo sikupi. Nimekuzidi umri, na kufa kwako hakujakuongezea hata mwaka mmoja. Nakuandikia kukujulisha kwamba maandishi yako yote nimeyasoma, la kwanza mpaka la mwisho, na nimeyaelewa kuliko hao Wazungu wako.

Haya, usicheke. Nimeongopa. Nimeyafunuafunua tu. Kiingereza changu kiliishia darasa la nne. Nilichokuwa nikitafuta humo ni mguu wangu, na nimeupata: ule wa kushoto, suruali imekunjwa mpaka gotini, mbung'o wamejipanga kama wanangojea mgao wa sukari. Unakumbuka? Ulinisimamisha kule porini Sikonge na kitambaa cheusi begani ili wadudu wanifuate, wewe umeinama na kamera. "Usitikisike, mtani. Huo si mguu tena, hiyo ni sayansi." Nikakujibu kwamba kwa mguu kama huo babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu pwani, na babu yako Mzaramo akampokea kwa kumuuzia maji ya chumvi. Ukacheka mpaka picha ikatoka imepinda. Hata humo jaridani imepinda.

Baada ya kukuzika, alikuja kijana mtafiti kutoka Dar es Salaam kuchukua darubini yako. Akaniambia wewe ni mtu unayetajwa sana. Nikadhani unasengenywa. Akanielewesha: wataalamu wakiandika habari za malale, mwishoni wanaweka jina lako, kwamba haya alishayasema Kibwana wa Tabora. Ubelgiji wanakutaja. Brazili wanakutaja, na mbung'o wenyewe hawana! Kumbe ndiyo maana ukipata barua ya nje ulikuwa unatembea kama jogoo. "Mtani, wamenitaja!" Nami nakuuliza, wamekutajia nini, mahari?

Sasa sikiliza, na hapa sitanii.

Hapa kwetu hajakutaja mtu. Lile pori la mguu wangu, ulilolizungushia mstari mwekundu kwenye ramani, ukaandika watu wasihamie mpaka vichaka vifyekwe, ndiko walikokipeleka kijiji kipya. Malori yalikuja, watu wakapakiwa na kuku wao. Nyamizi naye akapakiwa. Binti yangu, mtani. Yule aliyekuwa akikuletea asali, ukimwambia ina masega mengi anakuambia ukatafute nyuki wa kwenu.

Nilikwenda kwa mkubwa mmoja na jarida lako mkononi. Nikakunja suruali nikaweka mguu kitini ili aulinganishe. Akautazama mguu, akaitazama picha. "Mzee Maganga, hiki kimechapwa Ulaya. Sisi tunajenga nchi yetu." Nikamwambia aliyeandika kazikwa hapo makaburi ya Cheyo, sigara moja haiishi kabla hujafika. Akasema nisirudi tena na maneno ya kupinga.

Nikaenda kwa Nyamizi na baiskeli. Asubuhi kweupe nimemkuta amekaa jikoni, ugali unaungua, mwiko mkononi, amelala. Nikamwita. Akafumbua macho akasema, "Shikamoo, baba." Kabla sijaitikia, akawa amelala tena.

Nilimpapasa shingo kwa nyuma, kama ulivyokuwa ukiwapapasa wagonjwa, nikakuta matezi yamevimba. Sikuhitaji darubini.

Tumempeleka hospitali. Daktari aliyeko sasa ni mpole, mikono safi, anasema tumechelewa, ugonjwa umeshapanda kichwani, sindano anampa lakini tumwombee. Nikamuuliza kama amemsoma Kibwana. Akasema, "Nani?"

Nani! Mtani, nilitaka nikufukue uje umjibu.

Siku ya mazishi yako nililala njiani mbele ya jeneza, kama mtani anavyotakiwa, nikasema hupiti mpaka nipewe changu. Wakanipa kofia yako, watu wakacheka huku wanalia. Wa Brazili hakuonekana hata mmoja wa kutia bega. Kofia nimeivaa hivi sasa. Inanibana. Kichwa chako kilikuwa kidogo kwa mtu aliyetajwa hivyo.

Kwaheri, bwana. Nakuahidi nitakuwa nakutaja. Kila nitakayemwona amebeba godoro kuelekea kule, nitamwambia haya alishayasema Kibwana. Haitasaidia kitu, malori hayasimami. Lakini nitasema.

Ila nina kidogo changu kwako. Uliahidi kwamba kwenye andiko litakalofuata utaweka chini ya picha kwamba mguu ni wa Maganga. Hukuweka, ukafa, ndiyo tabia zenu watu wa pwani. Sasa sikudai tena hilo. Nifanyie jingine. Nyamizi nadhani atanitangulia. Atafika huko na usingizi mwingi, hatajua pa kuelekea. Mpokee. Usimwamshe kwa kelele zako. Na akifumbua macho, kabla hajalala tena, mwambie baba yake amesema marahaba.

Maganga,
mwenye mguu