Hayupo, Hatunaye

Mtani wangu Festo,

Msagara usiye na haya wewe, umekimbia bila kuaga na kazi umeniachia mimi. Ungekuwa hai ningekuita majina mabaya zaidi ya hayo, lakini leo sina nguvu. Nakuandikia kuhusu ile anwani yako kwenye tovuti ya watembeza wageni wa Mikumi. Imeleta ugomvi, na ugomvi wenyewe ni huu: sasa hivi mtu akiliita jina lako, aitike nani?

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Lile lori la mkaa lilipokugonga na pikipiki yako kwenye barabara ya Mikumi, walikuleta kwenu Munisagara. Nilitimiza utani wangu. Nilivaa koti lako la kaki lenye mifuko mingi, nikatembea nikivuta mguu kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka mgeni akuonee huruma akuongezee chochote. Wafiwa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu nikakaa kwenye mdomo wa kaburi nikazuia usishushwe mpaka niletewe kuku, kwa kuwa Mnyamwezi hazikiwi mtani wake bure. Mjomba wako akanikabidhi jogoo, nikainuka. Nilipofika nyuma ya jiko nikalia, nikalia Festo, mpaka yule jogoo akanitoroka na sikumfuata.

Mama yako hajambo, kwa ile maana ya kuitikia salamu tu. Anakwenda shambani, anakwenda kanisani, anarudi. Simu yako ndiyo haimpi nafasi. Pikipiki ilikunjamana yote lakini simu waliiokota majanini ikiwa nzima, haina hata mchubuko, na mama akaichukua kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa mfukoni mwako. Anaichaji kwa ile sola uliyomfungia. Na simu inaita. Namba iko kwenye ukurasa wako, wageni wanaisoma, wanapiga. Wengine wako Dar, wanataka kuwapeleka watoto wakaone tembo. Wengine ni Wazungu wa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Mama anapokea na kuwajibu vile vile alivyokuwa akijibu ulipokuwa hai ukiisahau simu nyumbani: hayupo.

Nao wanashukuru. Wanasema watapiga baadaye, na baadaye wanapiga.

Aliniambia mwenyewe nilipokwenda kumsalimia, akitazama pembeni. "Wakipiga," alisema, "kwa dakika ile moja Festo anakuwa amekwenda mahali tu. Nikikata, ninamzika upya." Nikarudi Kilosa, nikafungua kompyuta, nikaufuta ukurasa wako.

Unakumbuka jinsi tulivyoutengeneza? Chumba chetu cha mafunzo ya kompyuta, Magomeni hapa Kilosa, kimepakana na mashine ya kusaga, na tulikuwa tunafundishana kwa kupiga kelele. Ulikuja kulalamika. Watembeza wageni wote mlikuwa na kurasa, na kila ukurasa ulikuwa na anwani ndefu yenye alama ya kuuliza, alama ya sawasawa na namba. Wewe ulikuwa namba kumi na saba. Ulisema, "Tatu, mgeni nimwambie nini barabarani? Alama ya kuuliza, sawasawa, kumi na saba? Atadhani namsomea hirizi. Mimi si namba. Nataka aandike Festo, anione Festo."

Basi tukajifunza kuandika kanuni za seva, ile mashine inayoitunza tovuti, wewe ukisoma maelekezo kwenye simu, mimi nikiandika. Ziko kwenye lile faili ambalo jina lake linaanza na nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo kompyuta hulificha kama mtu mwenye aibu. Mgeni anaandika jina la mtu. Seva, kabla ya kumjibu, inasoma kanuni zetu kutoka juu kwenda chini, inakuta pameandikwa kwamba huyu Festo ni yule wa kumi na saba, inaenda kumchukua huko nyuma na kumleta mbele. Mgeni haoni namba hata moja. Siku ya kwanza nilikosea, nikaandika kanuni ya juu imrudishe mtu chini na ya chini imrudishe juu. Ukurasa ukazunguka mpaka simu ikakata tamaa yenyewe. Ulicheka ukalalia meza. Ulisema seva yangu imeajiriwa ofisi ya serikali, nenda kwa fulani, fulani anakwambia rudi kwa yule wa kwanza. Jambo hilo ulilisimulia Kilosa nzima, kaburi lako na likusamehe.

Siku ile ile uliniuliza zile namba ambazo seva hujibu. Nikakueleza. Mia tatu na moja ni amehama, mfuate kule. Mia nne na nne ni ukurasa haupatikani. Mia nne na kumi ni ukurasa uliokuwepo na umeondoka, hautarudi. Ukasema hizo mbili za mwisho si ni kitu kimoja. Nikasema si kimoja. Ukafikiri, halafu ukanifundisha mimi mwalimu wako. "Kumbe ya kwanza ni hayupo, ya pili ni hatunaye. Anayeambiwa hayupo atarudi. Anayeambiwa hatunaye anatoa pole, anakaa chini." Ile ya pili hatukuitumia kamwe. Hatukuwa na kitu cha kuiandikia.

Sasa nilipoufuta ukurasa wako sikuandika kanuni yoyote. Nilifuta tu, nikafunga kompyuta, nikaenda kununua mboga. Seva ikawa inawajibu watu kwa lile jibu lake la kawaida, haupatikani, yaani hayupo. Walikuwa wanajaribu leo, wanajaribu kesho. Wenye namba yako tangu zamani wakampigia mama kumuuliza mbona Festo haonekani, ana tatizo gani la mtandao. Nikawa nimempunguzia mama mzigo kwa kumwongezea.

Kisha akanipigia mwenyekiti wa watembeza wageni. Yule bwana hana ubaya, ila moyo wake uko dukani saa zote. Akaniambia anwani ya Festo ndiyo iliyokuwa inaleta watu kuliko zote, nisiiache ife, niielekeze kwa Yona, mpwa wako, ambaye naye ameanza kutembeza wageni. Kufa kufaana, walisema wahenga, na huyu hakutaka hata tanga lianuliwe vizuri.

Lakini hapo ndipo aliponiweza, maana tanga lilikuwa limeanuliwa. Siku ya kumaliza msiba wakubwa wa upande wa mama yako walimkalisha Yona, mtoto wa dada yako, juu ya mkeka, wakampaka unga, wakampa jina lako. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo dada yako anamwita mwanawe wa kumzaa kaka. Watoto wa jirani wanamwamkia shikamoo, naye, ndevu bado zinasitasita kutoka, anaitikia marahaba huku anatazama viatu. Mama yako anamwita mwanangu Festo. Kwa hiyo mwenyekiti aliposema, "Jina si ni lile lile? Mila imeshatusaidia," nilifungua kompyuta. Mnyamwezi ni nani aingilie mila ya Wasagara? Nikaandika mia tatu na moja. Amehama, mfuate kule. Nikaandika jina lako kujaribu, nikaletewa uso wa Yona ukitabasamu.

Nilikasirika, Festo. Si kwa Yona. Nilikasirika kwa kuwa ilifanya kazi bila kosa lolote.

Kilichofuata ni cha aibu. Kuna mama mmoja mgeni, mtu mzima, ambaye zamani ulimtembeza mbugani na ukampeleka kula ugali kwa mama yako. Alirudi. Aliandika jina lako, akapokelewa, akapanga safari. Yona akaenda kumpokea Mikumi stendi. Yule mama akamtazama, akatazama nyuma yake, akauliza Festo yuko wapi. Na yule kijana, ambaye amefundishwa na wakubwa wake kwamba akiulizwa ajibu hivyo, akajibu, "Mimi ndiye Festo." Mama wa watu akatoa simu yake, akamwonyesha picha ambayo mmekaa naye kwenye vigoda vya nyumbani kwenu, umeshika bakuli. Akamwita Yona tapeli mbele ya wauza mahindi. Yona akanipigia papo hapo. "Da Tatu, nimwambie nini? Nikisema si mimi, nawakana wazee. Nikisema ni mimi, naonekana mwizi."

Nilimwambia ampe mgeni simu. Nikamwambia yule mama, kwa Kiswahili chepesi, kwamba Festo anayemtafuta amekufa. Akauliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sikulala vizuri. Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka kwa mama yako, kwa sababu mwenye neno hapo si mwenyekiti wala mimi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitania kidogo kwamba nimefuata jogoo mwingine. Nikamweleza kanuni zote kama ulivyopenda nieleze, bila Kiingereza. Nikamwambia mama, mashine hii haijui kutofautisha watu. Anayemtafuta Festo wa mkekani na anayemtafuta Festo wa kaburini wanaandika herufi zile zile. Lazima nichague jibu moja, liwe la wote.

Aliendelea kupembua mchele. Nilidhani hakunielewa. Kisha akasema, "Jina tulimpa Yona ili lisife. Lakini aliyekufa si jina, mwanangu. Aliyekufa ni mtu. Nyumbani hapa sisi tunajua yupi ni yupi. Huyo wa mbali hajui. Huyo wa mbali aambiwe."

Mwenyekiti amenuna, na acha anune. Yona alishusha pumzi mpaka nikaisikia kwenye simu. Alisema, "Nyumbani nitakuwa mjomba, Da Tatu. Kule Mikumi niacheni niwe Yona." Nimempa anwani yenye jina alilobatizwa, na ni kijana mzuri, wageni watampenda taratibu.

Nawe nimekuandikia mia nne na kumi. Ni mstari mmoja tu, mfupi kuliko vyote tulivyowahi kuandika, na nilikaa nao asubuhi nzima mashine ya kusaga ikiunguruma. Nimeuweka juu kabisa ya faili, ili seva ikutane nao kwanza na isiendelee kutafuta. Yale maneno ya Kizungu ambayo seva huyatoa yenyewe nimeyaondoa. Nimeandika: Festo hatunaye tena. Alifariki barabarani, amezikwa kwao Munisagara. Sikuweka picha. Sikuweka "bofya hapa". Kisha nikaandika jina lako nione kama inafanya kazi, maana kanuni isiyojaribiwa si kanuni, na ikanijibu. Nilijua itanijibu nini, maneno niliyaandika mimi. Bado niliyasoma kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Nikampigia mama kwenye simu yako, nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza, "Na akija mwingine kesho?" Nikamwambia ataambiwa hivyo hivyo. "Na mwakani?" Hivyo hivyo, mama. Akasema, "Basi haina haja ya mimi kuendelea kuwajibu. Naizima." Akakata.

Buriani, Festo. Nimekuombea dua kwa njia yangu, na kanisani kwenu wamekuombea kwa njia yao, Mungu atajua pa kuzikutanishia. Ule mstari nitaulinda. Tovuti ikihamishwa nitahama nao, na kanuni zikiandikwa upya nitauandika wa kwanza, hata mwenyekiti aje na mashahidi.

Nina moja la kukuambia kabla sijaweka kalamu. Mama alipokata, nilikaa kidogo, halafu nikaipiga namba yako. Sijui nilitaka nini. Akaitikia yule dada wa mtandao wa simu, kwa sauti yake nzuri, akaniambia mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa, tafadhali nijaribu tena baadaye.

Sitajaribu tena, mtani wangu.

Tatu