Plamedie na Makadirio ya India

Bunia, tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Blanchard,

Kwanza kabisa, mnaendeleaje huko Liège? Wifi yangu Élise, mgongo umepoa? Na Héritier, bado anasukuma mboga pembeni ya sahani kama ulivyokuwa unafanya wewe? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Malaria ilinilaza kidogo mwezi uliopita, lakini imeniachia, na nimerudi sokoni kwenye meza yangu ya vipuri vya pikipiki.

Barua hii anakuletea Gracia, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kusoma. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini nakujua. Sauti ndefu unaisikiliza nusu halafu unajibu "sawa dada". Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Uliuliza kwenye kundi la familia kama ni kweli Plamedie wangu amekuwa mcheza pari, huo mchezo wa kamari. Sikukujibu pale, maana mashangazi zetu wakishika neno moja tu, kufika jioni linajulikana mpaka Kisangani. Nakujibu hapa: si kweli. Na ujue kwamba siku hizi dada yako anatembea kifua mbele kwa ajili ya mtoto huyo.

Ni hivi. Plamedie yuko mwaka wa mwisho wa uchumi, na profesa wake aliwaingiza wanafunzi katika soko moja la kwenye mtandao linalounganisha vyuo vya nchi nyingi. Humo hakuuzwi kitu cha kushika. Wanaweka swali: uchumi wa India, katika mwaka wao wa hesabu unaoisha Machi, utakua kupita kiwango fulani? Anayeona utapita ananunua ndiyo, anayeona hautapita ananunua hapana, kwa pointi tu za darasani, si kwa faranga. Wengi wakikimbilia ndiyo, bei ya ndiyo inapanda, na ukiangalia bei hiyo unajua watu wote kwa jumla wanaamini nini. India ikitangaza hesabu yake, walioona vizuri wanaonekana.

Mimi nilidhani msaada wangu utahitajika sana, kwa sababu pikipiki nyingi za hapa zinatoka India na minyororo yake naitambua hata gizani. Nikamweleza jinsi bei ya matairi ilivyopanda. Alicheka, akasema Bunia ni ndogo mno kuonyesha afya ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni. Nilinuna siku nzima. Yeye anafuata mvua za huko, umeme wanaotumia viwandani, magari wanayouza, mikopo ya benki zao. Simu ikiisha chaji anakimbilia kwa jirani mwenye paneli ya jua, na sufuria yangu ya maharagwe inaungua.

Shida ilitoka kwa shemeji yako Anaclet. Unajua ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimama kidete kupinga vibanda vya pari ya mpira vilivyowamaliza vijana wa pikipiki mtaani kwetu. Aliposikia binti yake mwenyewe ananunua ndiyo na hapana kwenye simu, hakutaka maelezo. Kwetu mzee wa kanisa hafichi kosa la nyumba yake, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mbele ya wenzake. Plamedie akasimamishwa kuongoza kwaya ya vijana na kuzuiwa meza ya Bwana mpaka asikilizwe. Nyumbani baba yake akaacha kumwita kwa jina. Akitaka maji ananiambia mimi, na binti amesimama pale pale na kikombe mkononi. Blanchard, niliumia. Hao wawili walikuwa hawaachani tangu mtoto anajifunza kutembea, na sasa niliogopa nitampoteza mmoja wao nikiwa nao wote wawili nyumbani.

Siku ya kusikilizwa niliruhusiwa kukaa nyuma. Mzee mmoja alisema ni kamari, mwingine akasema ni uaguzi, mbaya zaidi. Plamedie hakupandisha sauti. Alimgeukia Papa Xavier, mkubwa wa wazee, ambaye unakumbuka anapeleka mizigo ya samaki na sabuni Nia-Nia.

"Papa, njia ya Nia-Nia ikiharibika, unajuaka namna gani mbele radio iseme?"

Papa Xavier akajibu, "Naendaka mu parking. Kama machauffeur wote wanapandisha bei ya mizigo, najua kule iko mubaya. Moja anaweza kudanganya. Wote hapana."

"Basi na miye naangaliaka vile, Papa. Siko naagua. Parking yangu tu ndiyo iko kubwa."

Wazee walitazamana. Papa Xavier akaanza kucheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Wakaamua kwamba, mradi hakuna pesa ndani yake, hakuna kosa, na arudi kwenye kwaya. Lakini njiani kurudi nyumbani Anaclet alitembea mbele yetu peke yake. Plamedie aliniambia kwaya hatarudi mpaka baba yake ndiye amwambie. Nikajua kichwa kigumu amerithi kwetu, si kwao.

Sasa cheka kidogo. Sisi wamama wa maombi tulitaka kumsaidia mtoto wetu, tukaiweka India katika maombi ya Jumatano. Tukafunga na kuomba uchumi wa India ukue, ukue sana, upite kila kiwango. Mama Adèle alilia kabisa kwa ajili ya viwanda vya watu asiowajua. Nilipomsimulia Plamedie, alishika kichwa. Kumbe yeye alikuwa upande wa hapana. Wengi walikuwa wamekimbilia ndiyo kwa furaha ya mwaka uliotangulia, naye aliona viwanda vimepunguza mwendo. Sisi tulikuwa tunaomba dhidi yake kwa nguvu zetu zote.

Mwisho wa Mei hesabu ikatoka. Haikufika kwenye kiwango kile. Katika vyuo vyote, Plamedie wetu alikuwa kati ya walioona vizuri kabisa, na wamemwomba awe anawaandikia kila mwezi jinsi anavyoona mambo. Nililiambia soko zima, hata wateja waliokuja kununua plagi tu. Yeye alinikataza kujivuna, akasema nchi hurekebisha hesabu zake baadaye. Basi wakirekebisha nitanyamaza, lakini kwa sasa sinyamazi.

Habari hiyo ilimfikia Anaclet pia. Unajua tangu tukimbie vita kwetu Djugu hakutaka kujenga kitu hapa, tunakaa bado ndani ya mbao na turubai, kwa sababu kila anayepita anamwambia mtarudi mwezi ujao. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tumekaa uani, mimi nachambua mchele, na nikamsikia anasema, "Plamedie." Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo.

"Weye unaonaka mambo ya mbali," akasema. "Siye tutarudia kwetu mbele ya Noeli?"

Plamedie akamgeukia. "Papa, unataka ile inakupendeza, ao ile naona?"

"Ile unaona."

"Deux sur dix, Papa."

Mbili tu kwa kumi! Niliogopa kumtazama Anaclet. Akajifuta uso kwa kiganja. "Watu wote wananiambiaka mwezi kesho. Weye peke yako haukunidanganya. Jioni uende kwaya."

Kesho yake alitoka na jembe akaanza kuchimba msingi nyuma ya turubai, Plamedie ameshika kamba upande wa pili. Niliwaangalia nikalia, mdogo wangu, kwa ajili ya shamba letu kule na kwa furaha pia, sijui nikutenganishie vipi. Nimezaa mtu ambaye baba yake anaweza kumuuliza neno zito na kuliamini jibu.

Kwa hiyo usituulize tena tunarudi lini. Ukija, njoo Bunia. Nyumba itakuwa ya matofali, na Anaclet amekupimia chumba.

Msalimie sana Élise, mkumbatie Héritier kwa niaba ya shangazi yake, na umfikishie salamu rafiki yenu Camille mkionana. Plamedie anakusalimu mjomba wake, na shemeji yako pia. Mungu awalinde katika baridi hiyo na atukutanishe tungali na nguvu za kucheka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bila kuchoka,

Anastasie