Tairi za Lami Kwenye Tope la Kituntu

Lameck, nimemwangusha mama yake Avelina. Mkwe wangu mtarajiwa, kwenye tope, na kitenge chake cha kanisani.

Ni zile tairi za spoti nilizofunga Kayanga. Uliniambia kabisa zinashika lami tu, kashata zake, yale meno ya tairi, hazifai kwa tope letu. Mimi nikaangalia pikipiki ilivyopendeza.

Leo baada ya misa nikajitia kumpeleka mama kwao Kituntu, na mvua ndiyo kwanza imekatika. Kwenye mteremko tairi la nyuma likaanza kuteleza. Nikakamata breki, tukaenda chini wote.

Mama amekaa kwenye tope ananiuliza, "Mwanangu, hujaumia?" Ananiuliza mimi, Lameck.

Yeye hakuumia. Tumetembea mpaka kwao, mimi nasukuma pikipiki. Tumemkuta mzee uani na wageni. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Ni mimi nilijitikisa nyuma. Kijana anaendesha vizuri."

Mzee akamgombeza mbele ya watu wote. Na mimi nikanyamaza, Lameck. Nikanyamaza kabisa.

Sasa niko sebuleni kwao, Avelina kaniwekea ndizi na maharage, na hanitazami.