Kipimo Nilichompa Hamadi

Moroni, Jumatatu

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti lako vipi? Naomba Mungu uwe unapanda ngazi za mtaa wetu bila kusimama njiani. Mimi mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Unguja ili uisome mwenyewe, asikusomee jirani.

Utasikia kwa mama yake Hamadi, huko Patsy kisiwani kwetu, kwamba nimemwangamiza mwanawe. Ni kweli. Lakini lisikie kwangu kwanza.

Unakumbuka enzi za Wafaransa, Hamadi alipokuwa mkubwa wangu katika karakana ya shule. Niliunda koili ya Tesla, mashine ile ya kurusha cheche hewani kama radi ndogo. Akawaonyesha walimu kuwa ni yake, nami akanishtaki kwamba waya niliuiba. Nilifukuzwa mbele ya baba, aliyekuwa amevuka bahari kuja kunitazama. Baba alikufa bila kuniuliza kama ni kweli.

Mwezi uliopita vijana wa kamati, hawa walioshika kila kitu tangu mapinduzi, walimtaka Hamadi aiwashe tena siku ya maonyesho ya shule. Ile ya zamani ilishaoza kwa unyevu, na kuunda nyingine hajui. Akaja kwenye kibanda changu cha redio.

"Mdogo wangu, ya kale tuyazike," alisema. "Transfoma ninayo, chupa za maji ya chumvi za kuhifadhi umeme ninazo. Ile koili ya pili tu, ndefu ya kusimama, niifanye kubwa kiasi gani?"

Mama, kazi yote iko hapo. Kwa transfoma ndogo kama yake, upana wa kiganja unatosha, urefu mara tano ya upana, mizunguko kama elfu moja ya waya wa wastani. Nalijua hilo kama ninavyoijua Fatiha. Nikamwambia:

"Chukua bomba jembamba kama kifundo cha mkono, likufike kifuani. Waya uwe kama unywele. Kadiri unavyozungusha, ndivyo radi inavyokua."

Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Siku ya maonyesho nilikaa mstari wa mbele. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Alipowasha, kileleni hapakutoka kitu. Cheche zilitambaa ubavuni mwa koili, vanishi ikafuka moshi, bomba la karatasi ngumu likashika moto. Watu walicheka. Kijana mmoja wa kamati akamvua kofia, akaitupa chini, akamwita mdanganyifu. Kesho yake wakampeleka kuvunja mawe kwenye barabara ya Mvouni, huko mlimani.

Nilipanda kumwona. Viganja vilikuwa malengelenge matupu.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua. Kama wewe ulivyojua kwamba waya niliununua."

Akainama, akaendelea kugonga. Nilitaka nimwonee huruma, mama, kwa kuwa ulinisihi nisamehe. Sikuipata. Niliona utamu, nikashuka polepole usije ukaniishia njiani.

Karakana sasa wamenipa mimi. Koili yangu nimeiunda kwa kipimo cha haki, na cheche zake ni ndefu kama mkono. Siku ukienda kaburini kwa baba, mwambie.

Nisalimie dada na cherehani yake, mjomba na wanafunzi wake wa chuoni, na shemeji wa bandarini. Mama yake Hamadi naye mpe salamu zangu. Asipoitikia, usimlazimishe.

Mwanao,
Abdou