Siku Kamba Ilipoondolewa Duarani

Jumamosi. Vumbi tangu asubuhi, jua kali, na mimi nimeshinda na hasira ambayo sijui nimwelekezee nani.

Leo tulikuwa na mkutano wa kampeni hapa machimboni. Mimi ndiye katibu wa wanawake wa chama kwenye tawi letu, kwa hiyo risala ya akina mama niliiandika mimi na kuisoma nikaisoma mimi. Mgombea wetu wa udiwani ndiye mwenye duara kubwa, lile shimo ambalo nusu ya wanaume wa kijiji wanashuka kutafuta dhahabu. Chama chetu kila kikao kinaimba usawa. Kwenye khanga upo, kwenye fulana upo, kwenye ilani umepewa ukurasa mzima.

Duarani haupo. Kule kuna kamba. Imefungwa kwenye nguzo, hatua kama thelathini kutoka mdomo wa shimo, na mwanamke haivuki. Wanasema akisogea dhahabu inakimbia. Sisi kazi yetu ni kusaga mawe kwenye mashine ya karasha na kuosha mchanga. Miaka tisa nipo hapa, sijawahi hata kuchungulia lile shimo.

Wiki mbili zilizopita mgombea alitangaza kikaoni kwamba mwiko huo umekwisha. Kikundi chetu cha akina mama kitapewa duara dogo la pembeni, lile lililoachwa, tuchimbe wenyewe kuanzia Jumatatu hii. Wenzangu walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga, ila kichwani najiuliza: mbona iwe wiki za kampeni? Miaka yote hiyo alikuwa wapi huyu?

Nikajiambia nina roho ya kushuku tu. Nikaenda Kagongwa kumshawishi Mama Kulwa, rafiki yangu tangu shule, aje tuchimbe pamoja, maana ni mchapakazi na haogopi mtu. Akaachia banda lake la chakula, sehemu aliyoihangaikia miaka mingi sokoni. Ilichukuliwa na mtu mwingine siku hiyo hiyo. Hakukiamini chama, aliniamini mimi.

Sasa leo. Nilifika mapema kupanga viti, nikakuta kamba haipo. Nakiri, moyo uliruka kwa furaha. Halafu nikaiona stoo, nyuma ya ndoo: imekunjwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, imefungwa fundo katikati. Kamba usiyoitaka tena unaikata ukafungie mbuzi, au unaitupa. Ile ilikuwa imetunzwa.

Nilijua.

Na bado nilisoma. Saa nane mchana alipofika mgeni rasmi, mama kiongozi wa chama kutoka mkoani, nilisimama mbele yake nikatamka, "Tunampongeza mgombea wetu kwa kuvunja mwiko kwa vitendo." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Tukapelekwa mpaka mdomoni mwa shimo, mgeni katikati, mimi kulia kwake, tukapigwa picha. Nilichungulia. Ni giza tu, na hewa ya baridi inayopanda.

Yule mama naye, alijua? Hakuuliza swali hata moja. Hakuuliza ni wanawake wangapi wanashuka, wala hilo duara letu liko upande gani. Alitabasamu, akapanda gari. Mtu asiyeuliza kitu namwogopa.

Na mimi kwa nini nilisoma? Kuna maneno yanazunguka kwamba jina langu huenda likapelekwa juu, viti maalum. Naandika hili hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa adabu mbele ya mgeni.

Msafara ulipoondoka nilirudi kuchukua viti vya kanisa tulivyoazima. Kamba ilikuwa imesharudi mahali pake. Ng'ambo yake mganga ananyunyiza maji ya dawa kwa usinga, pale pale tuliposimama kupiga picha, na mbuzi mweusi ameshachinjwa. Mgombea wetu yuko kando, pekupeku, fulana ya chama ameivua na kuitundika kwenye nguzo.

Walikuwa wanasafisha nyayo zangu. Nimewahi kutukanwa maishani, lakini sijawahi kujiona uchafu namna ile.

Aliponiona hakushtuka.

"Mayu katibu, usikasirike bwana," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Vijana wangu wamegoma kushuka mpaka pasafishwe. Siasa tumemaliza, sasa niache nifanye kazi."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ipi?"

Nilibeba viti vyangu nikaondoka. Nilipita nyuma ya karasha, sikutaka wenzangu wanione.

Nilipofika nyumbani nikampigia Mama Kulwa. Nilimweleza kila kitu, kamba, mganga, mbuzi, na kwamba hakuna duara lolote tutakalopewa. Hakulia, hakunilaumu, wala banda lake hakulitaja. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mwenzangu, wewe ulianza kujua lini?"

Nikamwambia jioni hii, niliporudi kuchukua viti. Akasema, "Haya, pole na wewe," na akanitakia usiku mwema.

Pole na mimi!

Kesho baada ya Misa naenda Kagongwa. Sitapiga simu. Nitamtazama usoni nimwambie ilikuwa asubuhi, kabla sijasoma.