Redio Iliyodai Namba

Mwanangu wa kwanza,

Baba yako ni mzima na bado nawashinda vijana. Fundi alitaka kusafisha betri ya gari, nikamwambia akae pembeni, mimi nimefungua injini yeye hajazaliwa. Nikachomoa waya, nikasugua, nikarudisha, gari likawaka mara moja. Ila redio, kwa kuwa ilikatiwa umeme, ikagoma, inadai namba ya siri, eti isije ikawa imeibiwa. Mimi niibe redio yangu?

Nikajaribu namba hii na ile, hata mwaka niliozaliwa. Ikajifunga, ikaandika nisubiri. Nikaitukana. Fundi akasema, "Mzee, hiyo haitishwi."

Barua yako ya kuuliza kama mama atakujua ukija niliificha chini ya godoro. Tangu augue hakuwa amesema neno, na daktari alisema labda hata mimi hanijui. Kila jioni nilimkalisha kwenye gari nikamwashia redio, nikitumaini itamgusa.

Basi hapo nikitukana, mama yako yuko kiti cha mbele, akanishika mkono. Akasema polepole, "Nne, moja, saba, saba. Muuzaji wa gari alitutajia, wewe ukawa unapiga mateke matairi."

Redio ilipomaliza kunisubirisha nikabonyeza namba hizo, ikaimba. Mama yako akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza, mimi ambaye sijawahi kuamrishwa.

Njoo, mwanangu. Ameuliza kama bado unakoroma.

Ni mimi baba yako, aliyeitengeneza redio.